Tai chi kwa watoto wasiotaka kwenda polepole

Hakuna mtoto asiyejua kwamba haraka haraka haina baraka. Wamelishwa methali hiyo tangu hawajaota meno. Lakini sijapata kumwona hata mmoja akipunguza mwendo kwa ajili yake. Simama mbele ya kundi la watoto wa miaka 5 na 6, uwaambie "sasa tutafanya polepole", uone watakavyokuvumilia kwa nusu dakika, kwa heshima tu, kabla mmoja hajajiangusha makusudi na wenzake wakamfuata. Hapo somo limekwisha, hata kama saa inasema bado.

Nafundisha tai chi, sanaa ya mapigano ya Kichina inayochezwa polepole, kwa watu wazima na watoto wadogo, na watoto ndio walionifanya niache kuhubiri juu ya mwendo. Mtu mzima ukimwambia apunguze kasi atajilazimisha, maana amelipa ada na anaamini itamsaidia mgongo. Mtoto hana mkataba huo na wewe. Atakwenda polepole pale tu anaposhughulika na jambo ambalo likiharakishwa linaharibika. Basi kazi ya mwalimu wa watoto ni kuyatafuta mambo ya aina hiyo ndani ya tai chi, nayo yamo tele, na kuyaacha mengine yangoje.

La kwanza la kungoja ni mfuatano, yaani miondoko mingi iliyounganishwa kuwa mchezo mmoja mrefu. Wengi wanaoanza kufundisha watoto hukimbilia mfuatano wa miondoko 24, ule uliotungwa China mwaka 1956 kwa kufupisha mtindo wa Yang, mmojawapo wa mitindo mikuu ya tai chi, ili watu wengi waweze kujifunza. Ni mfuatano mzuri. Mtu mzima huumaliza kwa dakika tano au sita. Lakini unasafiri. Unakwenda upande mmoja, unageuka, unarudi, na kila mnapogeuka nusu ya watoto wanakuwa wamemwacha mwalimu nyuma ya visogo vyao. Tena kuna jambo ambalo wasiofundisha watoto hawalitegemei: watoto hukariri upesi kuliko sisi. Mtoto wa miaka 6 anaweza kuukamata mpangilio mzima wakati mama yake bado anahangaika na mwondoko wa tatu. Akishaukariri, anataka kufika mwisho. Sasa umempa njia ya mbio na mstari wa kumalizia, halafu unamwomba asikimbie.

Kwa hiyo nachukua miondoko michache tu na kuicheza mmoja mmoja, bila kuiunganisha: mikono kama mawingu, kumrudisha nyani nyuma, jogoo wa dhahabu asimamaye kwa mguu mmoja, korongo mweupe atandazaye mbawa. Nawaelekea uso kwa uso na kufanya kinyume, mkono wangu wa kushoto ukiongoza mkono wao wa kulia, kwa sababu mtoto humwiga mtu kama anavyojitazama kwenye kioo. Ukimwambia "kulia" ukiwa umemwelekea, unamwongezea hesabu isiyo na faida. Mwalimu lazima ajizoeze kucheza kila kitu pande zote mbili mpaka iwe rahisi, na hilo pekee lilinikalisha nyumbani jioni nyingi nikirudia miondoko niliyodhani naijua.

Kabla ya miondoko yote hiyo kuna miguu. Tai chi nzima imesimama juu ya jambo moja ambalo mtoto anaweza kulielewa siku ya kwanza: kwamba kwa wakati wowote mguu mmoja umejaa na mwingine ni mtupu. Yang Chengfu, aliyeishi kati ya 1883 na 1936 na ambaye mtindo wa Yang unaochezwa leo mahali pengi umepitia mikononi mwake, alilitia jambo hilo katika misingi yake kumi. Kwa watoto nalifanya hivi. Tunasimama miguu ikiachana kwa upana wa mabega, magoti yamelegea kidogo, na ninawaambia uzito wao ni maji: wayamimine yote kutoka mguu wa kushoto hadi wa kulia, bila kumwaga. Tunamimina. Kisha nasema, "Haya, inua mguu mtupu."

Hapo ndipo pa kutazama. Nina picha akilini ya msichana mmoja, wa miaka 5 hivi, aliyekuwa na hakika kabisa kwamba mguu wake wa kushoto ni mtupu. Aliponyanyua, wayo uling'ang'ania sakafu, kiwiliwili kikaruka upande wa pili kuufuata uzito, bega likapanda, akarukaruka mara mbili tatu na kusimama. Sikumwambia lolote. Aliutazama mguu kana kwamba umemdanganya. Akarudi katikati, akamimina upya, safari hii akiteremka kidogo kwenye goti la kulia, na akangoja. Alingoja muda ambao kwa mtoto wa umri ule ni mrefu sana. Kisha mguu wa kushoto ukaondoka sakafuni wenyewe, bila mwili wote kujua. Alikuwa amekwenda polepole kuliko mtu mzima yeyote niliyemfundisha wiki ile, na hakuna aliyetamka neno hilo.

Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba hakimhitaji mwalimu. Mguu ama ni mtupu ama si mtupu, na mtoto anajua mwenyewe. Watoto wamechoka kusahihishwa na wakubwa; wanapopewa kitu cha kujisahihisha, hukirudia wenyewe hata wakiwa wanasubiri zamu ya maji ya kunywa. Mikono kama mawingu ikija baadaye juu ya miguu hii, haina kazi kubwa: uzito unamiminika kulia, kiuno kinageuka, mikono inafuata. Mikono ikiwa mibaya naiacha ilivyo. Nimeona walimu wakipoteza dakika 10 kunyoosha vidole vya watoto ambao magoti yao yanakwenda upande mmoja na nyayo upande mwingine. Goti ndilo la kuangalia. Goti lielekee kule vidole vya mguu vinakoelekea, basi. Hilo sina mzaha nalo, na ndiyo sababu mwondoko wa nyoka ashukaye chini siwafundishi ingawa wanauomba kila mara. Wanaweza kushuka mpaka sakafuni bila shida, wana nyonga laini ajabu, lakini hushuka wakilipinda goti.

Kumrudisha nyani nyuma ndio mwondoko wanaoupenda kuliko yote, na sababu yangu ya kuupenda ni tofauti na yao. Wao wanapenda kwamba kuna nyani. Mimi napenda kwamba unakwenda kinyumenyume. Mtoto hana mazoea ya kurudi nyuma kwa utaratibu. Akirudi nyuma huwa anakimbia. Hapa lazima mguu uende nyuma mtupu, vidole viguse kwanza, wayo ulale, ndipo uzito ufuate, na wakati huohuo kiganja kimoja kinasukuma mbele. Huwezi kuona unakokanyaga. Mwili wenyewe unakataa haraka. Mtoto mmoja huwa nyani: anakuja kwa madaha, mikono imenyooshwa, akitaka kukamata kiganja kinachomsogelea, na mwenzake anarudi hatua kwa hatua akimwonyesha kiganja na kukivuta kabla hakijakamatwa. Nyani naye ana sheria zake, haruhusiwi kupiga hatua mpaka mwenzake amemaliza ya kwake. Nyani wengi hushindwa kuvumilia. Wanaovumilia ndio huanza kuitazama miguu ya mwenzao, na kumtazama mwenzako miguuni ni nusu ya sanaa hii.

Halafu kuna mbio za konokono. Mchezo wenyewe unajulikana, sikuubuni: wa mwisho kufika ndiye mshindi. Mimi niliongeza sheria moja tu, kwamba kusimama ni marufuku. Wakati wote lazima mguu mmoja uwe unatembea. Watoto ni mawakili. Katika raundi ya kwanza watasogeza kidole gumba kwa kadiri ya upana wa sisimizi na kuapa kwamba wanatembea, na kwa kweli hawasemi uongo. Wacha wafanye. Hawachukui muda kugundua kwamba ukitaka kupiga hatua ndefu na ya polepole inakubidi usimame juu ya mguu mmoja muda mrefu, na kwamba aliyesimama goti limenyooka kama mlingoti anayumba na kulazimika kushusha mguu mapema. Wanaoshinda ni waliokunja goti. Siwaambii. Wenzao wanaona, na kwenye raundi inayofuata darasa zima limeteremka kidogo. Nimefundisha watu wazima mwaka mzima nikiwasihi wakunje goti kidogo tu.

Jogoo wa dhahabu nilikuwa nikiwahesabia kwa sauti waone nani anasimama zaidi. Niliacha, si kwa sababu ya mashindano, bali kwa sababu mtoto akihesabiwa huziba pumzi. Uso unavimba, mabega yanakwea masikioni, anasimama kwa nguvu za shingo. Sasa nawapa sehemu moja ya kutazama ukutani, iliyo mbele ya macho yao, na ruhusa ya kugusa chini kwa kidole wakitaka na kuinua tena. Kugusa si kushindwa.

Na hapo napaswa kusema juu ya kupumua, maana watu huniuliza sana. Siwafundishi watoto wadogo kupumua. Mwambie mtoto "vuta pumzi ndefu" uone: kifua kinatuna, tumbo linaingia ndani, anafumba macho, anabaki hivyo mpaka aone nyota. Badala yake natumia sauti. Viganja vinapokwenda mbele tunafanya "shhhh", ndefu kadiri ya mwondoko, viganja vikirudi tunanyamaza. Hewa ikishatoka kwa sauti itarudi yenyewe, haihitaji mwongozo wangu. Vivyo hivyo simtajii mtoto wa miaka 6 chi, ile nguvu ya uhai, wala dantian, makao yake tumboni, wala yin na yang, ule uwili wa mambo yanayokamilishana. Siyabezi mambo hayo, nayasoma na kuyafanyia kazi. Ila mtoto anayerudi nyumbani kusema ana mpira wa nguvu tumboni hajajifunza kitu zaidi ya yule aliyerudi akijua mguu wake mtupu ni upi.

Hadithi nawapa, kwa sababu mtoto bila hadithi hasimami. Iliyo bora kuliko zote ni ya Zhang Sanfeng, mtawa wa Kitao, dini ya kale ya Kichina, wa mlima Wudang, aliyemwona nyoka akipigana na ndege na kutokana na pambano hilo akaipata tai chi. Wanahistoria wanaihesabu kuwa ngano, na watoto wakiniuliza kama ni kweli nawaambia hivyo hivyo: ni hadithi. Lakini inachezeka. Mkono mmoja nyoka, mkono wa pili ndege. Ndege anadona, nyoka anakwepa, ndege anaruka, nyoka anajikunja, na haigusani kamwe. Kwa mikono ya mtu mmoja ni vigumu kuliko inavyosikika. Wakikua kidogo nawapa ya Yang Luchan, mwanzilishi wa mtindo wa Yang, aliyezaliwa 1799, mgeni aliyekwenda kijiji cha Chenjiagou, jimbo la Henan, ambako ukoo wa Chen ulikuwa na sanaa hii tangu karne ya 17, na ambaye inasimuliwa alijifunza kwanza kwa kuchungulia. Hiyo ya kuchungulia wanaishangilia.

Swali la "mwalimu, hii inapiga?" haliepukiki, hasa kutoka kwa wavulana, na nimeona wenzangu wakilikwepa kwa aibu. Mimi najibu: inapiga. Ni sanaa ya mapigano, imezaliwa hivyo. Namwita mtoto, namwambia anyooshe mkono kunisukuma usoni, nami naupokea kwa mkono wa juu wa korongo mweupe, wa chini ukilinda tumbo. Nafanya polepole, mara moja, na mwondoko ambao jana walikuwa wakiupepeapepea hewani unapata mifupa. Unakuwa na sababu ya kuwa mkono huu uko juu na ule uko chini.

Kuna mtoto katika kila kundi ambaye hawezi kusimama. Wazazi humleta wakisema, "Huyu nimekuletea umtulize." Sipokei kazi hiyo. Tai chi si dawa ya usingizi, wala sipendi iwe adhabu ya mtoto mchangamfu. Tunapocheza msitu, ambapo wengine wanakuwa miti, magoti yamelegea na mikono imekumbatia hewa mbele ya kifua, yeye nampa kuwa upepo. Upepo unazunguka kati ya miti, unapuliza, hauruhusiwi kugusa tawi. Mti unaopulizwa unayumba juu lakini mizizi haing'oki. Ili usiguse tawi katika msitu wa watoto waliosongamana, inabidi uende kwa tahadhari mno, ugeuke kwa kiuno, uingize bega moja kwanza. Anafanya tai chi kuliko miti. Wakati mwingine baada ya wiki chache anaomba mwenyewe kuwa mti. Wakati mwingine haombi, anabaki upepo mpaka mwisho wa muhula, na sina neno.

Wazazi wengine huuliza kama ni dini. Swali ni la haki na nalijibu bila kuzungusha: ina falsafa ya Kichina ndani yake, imekua karibu na Utao, lakini darasani kwangu hakuna sala, hakuna kusujudu, na mwaka 2020 UNESCO iliiandika kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika pamoja na ngoma na ufundi wa mataifa mengi. Nawakaribisha wakae watazame. Wakishatazama nyani akirudishwa nyuma huwa hawaulizi tena.

Nimeuweka mwisho kwa makusudi mchezo wa karatasi, kwa kuwa ndio ninaoutetea kuliko mengine. Katika tai chi kuna zoezi la watu wawili, mikono inayosukumana, na kwa kawaida linawekwa mbali, baada ya mtu kuujua mfuatano vizuri. Kwa watoto nadhani linapaswa kuja mapema. Mikono kwa mikono watoto husukumana tu, tena kwa furaha, mpaka mmoja analia. Basi natia karatasi katikati. Watoto wawili wanaelekeana, kila mmoja anaweka mgongo wa kifundo cha mkono wake wa kulia, na kati ya vifundo hivyo ipo karatasi moja nyepesi. Mmoja anaongoza, mwingine anafuata, mkono uzunguke upendavyo. Ukibonyeza sana karatasi inakunjamana. Ukilegea inaanguka. Na mtoto asiyependa kuguswa, ambaye yupo siku zote, hajaguswa, kuna karatasi.

Tazama nyuso. Wanaacha kuongea bila kuambiwa. Macho yanaitazama karatasi mwanzoni, kisha hayatazami kitu. Mvulana mkubwa kuliko wenzake, ambaye kwenye michezo mingine hushinda kila kitu kwa kifua, aliwahi kupangwa na mtoto mdogo kabisa wa kundi, na karatasi yao ikawa inakunjamana kila mara. Yule mdogo hakulalamika. Alianza kurudi, kila mkubwa alipobonyeza yeye alirudi kwa kadiri ileile, akimimina uzito kwenye mguu wa nyuma kama tulivyofanya siku zote, mpaka mkubwa akajikuta amejinyoosha mbele, kisigino kimenyanyuka, hana pa kwenda. Karatasi ilikuwa bado nzima. Mkubwa aliuliza amefanyaje. Mdogo akasema, "Sijafanya kitu." Wapo watu wazima wanaofanya mazoezi ya mikono inayosukumana miaka mingi wakitafuta jibu hilo.

Ikifika mwisho wa muhula shule hutaka onyesho, watoto wamevaa sare, muziki wa filimbi, safu zilizonyooka. Nilifanya maonyesho ya namna hiyo na yalipendeza, lakini wiki kadhaa kabla yake zote zilikwenda kwenye kunyoosha safu. Siku hizi naomba badala yake dakika 20 na rundo la karatasi. Kila mzazi anasimama na mwanawe, karatasi kati ya vifundo vyao, na mtoto ndiye anayeongoza. Akina baba hukunjakunja karatasi ndani ya sekunde chache. Akina mama wanaidondosha, kwa kuogopa kumkera mtoto. Watoto wanainama, wanaokota nyingine, wanaanza upya, na kote ukumbini unasikia sauti ndogo zikisahihisha wakubwa: "Baba, unasukuma." "Mama, uko wapi, sikusikii." Kila mara wapo wazazi wawili watatu wanaonifuata baadaye kuulizia darasa la watu wazima, na nawaambia waje, lakini wasishangae wakianza na mbio za konokono.